Atakula Nini Aliyesoma Fizikia

Baba yangu mpendwa,

Kuna mtu amenirudishia swali lako, na tangu hapo sina raha.

Ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wanachagua masomo watakayoendelea nayo, na mimi niliketi nyuma ya meza yangu ya fizikia kama muuza nyanya aliyekosa wateja. Wazazi walijipanga kwa mwalimu wa biolojia, kwa sababu biolojia ni udaktari, na kwa mwalimu wa biashara, kwa sababu biashara ni biashara. Kwangu alikuja mzee mmoja tu, amevaa buti za mpira zenye tope la shamba la miwa, akimtanguliza binti yake Nekesa, ambaye ndiye anayeongoza darasa langu. Mzee alikataa kiti. Alivua kofia, akanisalimia kwa heshima zote, kisha akauliza:

"Mwalimu, mimi si mtu wa kusoma. Sasa huyu mtoto akisoma hii fisikia, atakula nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuona wewe. Nikaona koti lako la kanisani na baiskeli yako imeegemea ua wa kiwanda, kama siku ile ya usaili wangu. Nikamwambia mzee nitafika kwake Jumamosi tuzungumze vizuri. Mwalimu mzima, na watu wananiona mkali, nimekimbia swali la mkulima mmoja!

Jumamosi yenyewe ilikuwa jana. Nilikwenda, na nitakusimulia. Lakini kwanza nataka tukumbuke pamoja, maana wewe ndiye uliyeanza kuuliza, ingawa kwa maneno mengine.

Unakumbuka ilianzia wapi? Nilikuwa Kidato cha Tatu, shule ikatupeleka kukiona kiwanda cha sukari kwa ndani. Siku hizo sukari ilikuwa imeingia kwetu Mayoni kwa kishindo. Tuliamka kwa king'ora cha kiwanda, na Mama aliinjika uji kwa king'ora hicho hicho. Trela za miwa zilipita mchana kutwa, watoto wakikimbia nyuma kuchomoa muwa mmoja mmoja. Wanaume waliolipwa mavuno walinunua redio, na wengine wakaoa mke wa pili kabla betri za redio hazijaisha. Wewe hukununua redio wala hukuoa tena. Wewe uling'oa mahindi.

Uling'oa mahindi, ukang'oa njugu za Mama, ukapanda miwa mpaka ukutani mwa jiko. "Hii ya upande huu ni ya kusomesha Nanzala," ulisema. Mama alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi. Aliniita Nanzala kwa kuwa nilizaliwa wakati wa njaa, kama mila inavyotaka, na hakulisahau hilo.

"Jina la njaa tulimpatia," alisema. "Sasa njaa yenyewe ndiyo unatuletea kwa mlango?"

Ulicheka. Ulikuwa na kicheko cha mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake. Lakini muwa si mboga, Baba. Unaupanda mtoto akiwa mgongoni, unauvuna akiwa anakimbia. Katikati ya hapo tulinunua unga sokoni kama makarani wa mjini, na ziko siku tulizokula obusuma, ugali wetu, na chumvi, tumezungukwa na ukijani mrefu kiasi kwamba jirani hakuweza kuona kama jiko letu linatoa moshi. Sisemi hivi kukulaumu. Nasema kwa sababu nilijua kila nilipofungua kitabu kwamba kitabu hicho kilikuwa kimekula njugu za Mama.

Siku hiyo ya kiwanda nilirudi nyumbani sikamatiki. Wewe ulikuwa unanoa panga nje. Nilikusimulia kuhusu yule bwana wa maabara, jinsi alivyodondosha tone la maji ya muwa kwenye kioo kidogo, akanipa nichungulie kuelekea dirishani, nikaona mstari wa kivuli umesimama katikati ya namba. Nikakueleza kwamba mwanga hupinda ukipita kwenye maji ya muwa, na kadiri yalivyo matamu ndivyo unavyopinda zaidi, kwa hiyo mtu anaujua utamu bila hata kuonja.

Uliacha kunoa.

"Mwanga unajuanga utamu?"

"Unajua, Baba."

"Na mtu wa kusoma hiyo mambo ya mwanga, wanamuita nani?"

"Ni fizikia, Baba. Mtu wa fizikia."

Ulilijaribu panga kwa kidole gumba, ukatazama upande wa moshi wa kiwanda. "Basi huyo ndiye mwenye kiwanda," ulisema, kama mtu anayefunga mjadala.

Hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa, nami nalipenda kosa hilo hadi leo. Kwetu sisi, watu waliozungukwa na miwa, elimu yote ilikuwa njia ya kuingia lango moja. Aliyesoma sana angeingia ndani zaidi. Na nani angeingia ndani zaidi kuliko mtu anayeujua utamu kwa macho? Hata mimi niliamini. Usiku na mchana niliuota mstari ule wa kivuli.

Siku habari zilipofika kwamba nimepata nafasi chuo kikuu, kusoma fizikia, ulichinja jogoo. Walikuja baba mdogo Wesonga, wazee wawili wa kanisa, na majirani waliosikia harufu. Kukhu, mama yako, naye alikuwa hai bado, ameketi kwenye mkeka, bibi wa watu ambaye hakuwahi kuonja kuku maisha yake yote kwa kuwa enzi zake mwanamke hakula kuku. Bakuli lilipofika mezani, kila jicho lilitafuta imondo. Firigisi ya kuku kwetu si nyama tu. Ina mwenyewe: baba wa boma, au mgeni ambaye boma limeamua kumheshimu. Mgeni akipewa kuku akakosa imondo, ataondoka akijua alivyopimwa.

Uliichukua imondo kwa vidole vyako, ukanyoosha mkono juu ya meza, ukaiweka kwenye sahani yangu.

Baba mdogo Wesonga aliweka tonge chini.

"Kaka, msichana anakulanga imondo tangu lini?"

"Tangu leo," ulisema. "Huyu ndiye ataendesha kile kiwanda. Nyinyi wote mkichoka kungojea trekta ya kubeba miwa, mtaenda kubisha kwa ofisi yake. Mtamsalimia vizuri. Mukhana wanje, binti yangu, kula."

Kukhu alijifunika mdomo kwa kanga, sikujua kama alishtuka au alicheka. Nilikula. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile, na sijawahi kula kitu kizito namna ile. Majirani walipiga makofi. Wiki iliyofuata walikuja na harambee yao, na kila aliyetoa alinishika mkono akiniita Injinia. Hawakuwa wakinitania. Kila mmoja alikuwa na shamba lililokomaa na zamu ya kuvunwa iliyochelewa, na kila mmoja aliniona mimi tayari ndani ya lango nikiita trekta ziende kwake kwanza.

Chuoni niligundua mapema kwamba fizikia haina lango lake. Daktari anajua anakokwenda, na mwanasheria pia. Sisi tulisoma nyota, joto, sumaku na vitu visivyoonekana, halafu siku ya mwisho tukavua majoho tukaulizana, "Sasa?" Mmoja wetu alichukuliwa na watu wa kupima mvua. Mwingine akaingia benki, akawa anahesabu mali ya wengine kwa usahihi mkubwa. Mmoja alipanda ndege na hakurudi. Waliobaki, wengi wetu, tulikabidhiwa chaki. Nikisema hivi sasa nacheka. Wakati ule sikucheka, kwa sababu mimi nilikuwa nimekula imondo.

Unaikumbuka siku ya usaili. Ulinibeba kwa baiskeli hadi langoni, ukiwa umevaa koti la kanisani katika jua lile. Ulikataa kurudi nyumbani. Ndani walinipokea vizuri, sina la kuwalaumu. Bwana mmoja mpole alisoma karatasi zangu kwa makini, akaniambia kiwanda kinatafuta wahandisi wa mitambo na watu wa kemia. "Wewe umesoma fizikia," alisema. "Fizikia ni nzuri sana. Ungefaa kuwa mwalimu." Nilimwuliza kuhusu kile kioo cha maabara. Akatabasamu akasema kazi ile anafundishwa mtu kwa siku chache, haihitaji digrii.

Nilitoka nje. Ulinyanyuka kutoka kwenye nyasi, ukakung'uta suruali, uso wako umejaa matumaini ya mchana wote.

"Wamekuonyesha ofisi yako?"

Baba, nimesikia maneno mengi ya kuumiza maishani, mengine kutoka kwa watu waliokusudia kuniumiza. Hakuna lililonikata kama hilo. Nilitikisa kichwa. Uliushika usukani wa baiskeli, tukatembea kwa miguu hadi nyumbani, kwa njia ya ndani ya mashamba ili tusikutane na watu.

Nilipopata kazi ya ualimu niliona ni neema. Shule haikuwa mbali, nyumba ilikuwa ya mabati, na fizikia, nilipoisimamisha mbele ya watoto, iliamka ikawa hai. Nilipopokea mshahara wangu wa kwanza nilikuja nyumbani na blanketi la Kukhu, shati lako, na sukari. Ndiyo, nilinunua sukari dukani, nikapita nayo katikati ya miwa yako. Mama alichinja kuku kwa furaha. Baba mdogo Wesonga alikuja, kwa sababu pua yake haikuwahi kumdanganya.

Bakuli lilipofunguliwa, imondo ilikuwa juu. Nakumbuka hata ilivyolala. Sote tuliitazama, na wewe uliitazama kuliko sote. Sikutaka unipe. Nilitaka tu uile wewe mwenyewe, uwe baba wa boma kama zamani, mambo yaishe. Lakini hukuila. Hukumpa baba mdogo. Ulichukua kawa, ukafunika bakuli imondo ikiwa ndani, ukasema una kazi shambani.

"Kaka amechoka," baba mdogo alisema, na kwa mara ya kwanza niliona huruma machoni mwake, nikaichukia.

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Uliniita Mwalimu, kwa adabu, kama unavyomwita mtu wa kanisa jingine. Majirani waliacha kuniita Injinia bila kelele, neno likafa polepole. Dereva wa trekta wa pale njia panda alijenga nyumba ya matofali kabla yangu, nawe ulinipitisha hapo mara mbili bila kusema kitu. Mimi nikaacha kula kuku nyumbani kwetu. Mama aliponiuliza nilimwambia tumbo. Alijua si tumbo, na aliendelea kunipikia mboga ya mrenda.

Miaka ikaenda hivyo. Watoto wangu wa shule wakaja wakaenda, miwa ikakatwa ikachipuka. Kisha ukaanza kukohoa.

Ulikonda upesi, tukakupeleka hospitali ya Kakamega. Asubuhi ile ulihitaji kupigwa picha ya kifua. Nilikusukuma kwenye kiti cha magurudumu, ukiwa mwepesi kiasi kwamba niliogopa kukutazama kwa nyuma. Kijana mwenye koti jeupe alifungua mlango wa chumba cha eksirei, akatuona, akasimama wima kabisa.

"Mwalimu!" alisema. "Mwalimu Nanzala! Mimi Barasa. Wewe ulinifukuza darasani nikirusha chaki!"

"Na bado unastahili," nilimwambia.

Alikuhudumia kama baba yake mzazi. Alikushika bega, akakuambia uvute pumzi, uishikilie, uiachie. Ukavaa shati. Kisha akaiweka picha kwenye taa ya ukutani, nasi tukaziona mbavu zako. Uliitazama kwa muda mrefu. Sauti yako ilikuwa imebaki nusu.

"Huyu umemfundisha wewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Fizikia hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Na hii kitu imepita kwa mwili wangu, ni mwanga pia?"

"Ni mwanga, ila macho yetu hayauoni."

Ulifumba macho. Nilidhani umesinzia. Kisha ukasema, bila kunitazama, "Ule wa kiwanda ulikuwa unajua utamu. Huu unaonanga uchungu?"

"Hauuoni, Baba. Unaona mifupa tu."

"Mm," ulisema. Barasa alijifanya anapanga vitu mezani. Nilipokuwa nakusukuma kurudi wodini, katikati ya korido, uliinua mkono wako ukaugusa wangu pale kwenye kishikio cha kiti.

"Nikitoka hapa," ulisema, "tutachinja kuku."

Niliendelea kusukuma kiti, nikiwa nyuma yako, na nikashukuru kwamba huwezi kuniona. Uliacha mkono wako juu ya wangu mpaka tukafika kitandani.

Hukutoka. Kwenye matanga yako walichinjwa kuku wengi, na ng'ombe pia, na hata wageni waliotoka Musanda walikula mpaka wakasifu. Imondo zote zilikwenda kwa wazee, kama inavyotakiwa. Mimi nilikaa jikoni na akina mama. Baba mdogo Wesonga alikuja mlangoni akasimama hapo, akataka kusema jambo, akaishia kuniomba maji ya kunywa. Nilikuwa na hasira nawe, Baba. Nilikuwa na hasira kwamba uliniahidi kitu kidogo kiasi kile, kuku mmoja, na hukusubiri kukitoa.

Sasa nikueleze ya jana.

Nyumba ya akina Nekesa imezungukwa na miwa mpaka ukutani. Nilipoona hivyo mlangoni, miguu ilitaka kurudi. Mzee aliniketisha kwenye kiti kizuri, mkewe akanisalimia kwa mikono miwili, na Nekesa akaketi kwenye kigoda, amejikunja, kama mtu anayesomewa hukumu.

Nilimwambia mzee ukweli. Nilimwambia fizikia haimpi mtu kazi kwa jina lake tu. Nilimwambia binti yake huenda akafundisha, akapima mvua, akafanya kazi hospitali au kwenye umeme, na huenda akazunguka sana kabla ya kupata. Nikamwambia kiwanda huenda kisimhitaji kabisa. Nikamwambia dereva wa trekta anaweza kujenga kabla yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiizungusha kofia mikononi.

"Na wewe, Mwalimu? Wewe unakulanga nini?"

"Nakula mshahara wa mwalimu," nilisema. "Mwezi haujaisha, nao umeisha. Lakini mwezi mwingine unakuja tena. Na kuna kijana mmoja wa hospitali aliyemshika baba yangu vizuri siku za mwisho. Huyo nilimfundisha mimi. Hicho nacho nakula."

Mkewe akaleta chakula. Obusuma, mboga, na bakuli lenye kifuniko. Nilijua kilichomo kabla hakijafunuliwa. Mzee akafunua mwenyewe, akaitafuta kwa kijiko, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Ya mgeni," alisema.

Sijui nilikaa muda gani nikiitazama. Nilimsikia mkewe akiuliza kwa sauti ya chini, "Ama Mwalimu hakulangi kuku?" Nekesa naye alikuwa anaitazama imondo, kisha mimi, kisha baba yake, na usoni mwake nikaona mzigo ule ule nilioukuta kwenye sahani yangu siku ile ya jogoo. Ningeweza kuichukua nimpe yote, watu wapige makofi. Lakini naujua uzito wake, Baba. Nimeubeba miaka yote hii.

Niliikata katikati. Nusu yangu nikaitia mdomoni. Nusu nyingine nikamwekea Nekesa mkononi, si kwenye sahani.

"Kula," nilimwambia. "Hii huilipi kwa kiwanda chochote. Kula kwa sababu una njaa tu."

Alimtazama baba yake kwanza. Mzee alitikisa kichwa kukubali, msichana akala. Mimi nilikuwa bado natafuna. Machozi yalinitoka mbele ya watu, na mzee akaniuliza kama mkewe amezidisha pilipili. Nikasema ndiyo, kidogo. Hapakuwa na pilipili.

Nekesa amechagua fizikia. Miwa yako bado imesimama pale pale, na Mama amerudisha mistari michache ya njugu kando ya jiko. Hakuniomba ruhusa, na nadhani wewe pia hungemkatalia sasa. King'ora cha mchana kimelia nikiandika haya, na kwa mazoea ya zamani nimesikiliza kama baiskeli yako inaingia uani.

Pumzika, Baba. Yule kuku uliyeniahidi nimemla nyumbani kwa mtu mwingine. Usinikasirikie. Nilikungoja muda mrefu.

Binti yako,
Nanzala, mwalimu